Chumba cha Vishikwambi Donholm: Tathmini ya Mzazi Baada ya Jumamosi 12

Kwa Jumamosi 12 mfululizo nimekuwa nikiwapeleka watoto wangu wawili katika kituo kidogo cha kujifunzia kilichoko Donholm, Nairobi, ghorofa ya pili ya jengo ambalo chini yake pana duka la dawa na kinyozi. Binti yangu ana miaka 7 na yuko Gredi ya 2. Kaka yake ana miaka 11 na yuko Gredi ya 6. Kituo hicho kinajinadi kuwa mahali ambapo watoto hujifunza kwa teknolojia shirikishi, na kwa kuwa maneno hayo siku hizi yamebandikwa kwenye mabango mengi kuanzia Umoja hadi Rongai, niliona vyema kueleza kwa kirefu nilichokikuta ndani. Jina la kituo nimeliacha makusudi. Wamiliki wake walinisikiliza kwa utulivu nilipowaeleza kasoro nitakazozitaja, wakaahidi kuzirekebisha kabla ya muhula ujao, na sipendi wahukumiwe kwa mambo ambayo huenda mwezi ujao hayatakuwapo. Mzazi anayekitafuta kituo cha namna hii mtaani kwake bado atapata hapa vipimo vya kukipimia.

Kwanza nieleze ninavyolielewa neno lenyewe. Katuni ya televisheni huendelea mbele hata mtoto akiwa ameduwaa, amekasirika au amesinzia, ilhali kifaa shirikishi humsubiri, na kinachofuata hutegemea alichokifanya. Hata hivyo, kubonyeza si kufikiri. Mwaka 2015 mwanasaikolojia Kathy Hirsh-Pasek na wenzake nchini Marekani walichapisha makala yenye vigezo vinne vya kupimia programu za watoto: kwamba akili ya mtoto iwe kazini, si kidole chake tu, kwamba asikengeushwe na madoido, kwamba anachojifunza kiwe na maana katika maisha yake, na kwamba apate nafasi ya kushirikiana na watu wengine. Nilikwenda Donholm nikiwa na vigezo hivyo kichwani, na nakiri kwamba sikutarajia cha nne kiwe ndicho kitakachoamua karibu kila kitu.

Chumba chenyewe kina vishikwambi 14, au tabuleti kama watoto wanavyoviita, vipakatalishi vinne, mikeka, meza fupi, na walimu wawili. Watoto huwa kati ya 18 na 22. Ukihesabu utaona kwamba vifaa havitoshi kila mtoto apate chake, na siku ya kwanza jambo hilo lilinikera, kwa maana nilikuwa nimelipa ada kamili. Kufikia Jumamosi ya tatu nilikuwa nimebadilisha mawazo.

Siku hiyo binti yangu alikuwa ameketi mkekani na msichana mwingine wa rika lake, ambaye hawakuwa wamejuana, wakitumia kishikwambi kimoja. Programu iliyokuwa wazi ni ScratchJr, iliyotolewa mwaka 2014 na Chuo Kikuu cha Tufts na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) kwa ushirikiano na kampuni ya Playful Invention, kwa ajili ya watoto wa miaka 5 hadi 7. Vipande vyake vya amri havitegemei maneno. Vina mishale, rangi, picha na tarakimu, na mtoto huvipachika kimoja baada ya kingine, hivi kwamba hata asiyejua kusoma anaweza kupanga mambo yatokee kwa mfuatano anaoutaka. Wasichana hao walikuwa wamechora kwa vidole matatu ya manjano yenye mstari wa zambarau ubavuni, wakaweka mti ambao kwao ulikuwa stendi. Wakaiamuru matatu iende mbele hatua 5, wakabonyeza bendera ya kijani, nayo ikasimama katikati ya barabara. Binti yangu aliuliza, kwa uchungu wa kweli, abiria watashukia wapi hapo. Mwenzake akaifuta 5 akaweka 15, matatu ikaupita mti.

Hakuna sauti iliyowaambia kwamba wamekosea, wala alama nyekundu. Matatu ilikuwa imepita stendi, basi, na kila mkazi wa Nairobi, hata wa miaka 7, anajua maana ya kupitishwa stendi. Mwalimu alikuwa amechuchumaa nyuma yao kimya. Akawaonyesha kitufe cha kuwasha mistari ya miraba, kisha akaondoka. Walihesabu miraba mara ya kwanza wakapata 10, kwa kuwa waliuhesabu pia mraba ambao matatu yenyewe ilikuwa imeukalia. Wakajaribu, ikazidi kidogo. Wakahesabu tena wakapata 9, na matatu ikasimama penye mti. Jioni, tukiwa mezani, binti yangu alinieleza bila kuulizwa kwamba mahali ulipo hapahesabiwi. Hilo ni jambo ambalo nilijitahidi kumfundisha mwaka mzima kwa mstari wa namba uliochorwa daftarini, lisimwingie.

Wazo lililo nyuma ya programu hiyo lina umri mrefu kuliko mabango yetu. Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928 na aliyefanya kazi na Jean Piaget, mwanasaikolojia wa watoto, jijini Geneva kabla ya kuhamia Marekani, alishirikiana na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon kubuni Logo, lugha ya kuiamuru tarakilishi, mwaka 1967, ambayo baadaye watoto waliitumia kumwamuru kasa wa roboti au wa kwenye skrini achore maumbo. Shauku yake ilikuwa mtoto aiamuru tarakilishi badala ya tarakilishi kumwamuru mtoto. Scratch, ambayo MIT iliitoa kwa umma mwaka 2007, ni ya ukoo huohuo, na wakubwa pale kituoni huitumia kwenye vipakatalishi. Miongoni mwa lugha zake Kiswahili kimo, na walimu hawa wamekichagua. Kwangu hiyo ni alama kubwa kwa kituo, kwa sababu niliwasikia wavulana wawili wakibishana kuhusu neno "rudia" na idadi ya marudio, na ubishi ule ulikuwa wa hisabati tupu katika lugha wanayoitumia uwanjani.

Mwanangu wa Gredi ya 6 alivutiwa zaidi na kona ya sayansi. Huko hutumia PhET, mkusanyiko wa majaribio ya kuigiza ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder na Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya yeye kutunukiwa Nobel ya Fizikia. Majaribio hayo hayalipiwi, na mengi hufunguka kwenye kivinjari cha kawaida. Aliunganisha betri, nyaya na balbu, akaona chembe ndogo za buluu zikitembea ndani ya waya, akaongeza balbu ya pili kwenye mstari uleule, na zote mbili zikafifia. Kisha alifanya jambo ambalo nisingemruhusu alifanye nyumbani: akaunganisha ncha moja ya betri na nyingine kwa waya mtupu, na miali ya moto ikatokea kwenye skrini. Akafanya hivyo mara nne, kila mara akipunguza au kuongeza kitu ili aone moto unaanzia wapi. Uzuri wa kuigiza uko hapo, kwamba mtoto anaruhusiwa kulikaribia kosa kubwa bila kuunguza nyumba.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya nilipie mwezi wa pili. Mwalimu alitoa boksi la viatu lenye betri za tochi, nyaya na balbu ndogo, akamwambia aijenge ile saketi yake kwa mikono. Mwanangu aliunganisha kila kitu kama alivyokiona kwenye skrini, na balbu haikuwaka. Akabadilisha betri, akabadilisha balbu, akakaribia kulia. Ilimchukua muda kugundua kwamba waya una gamba la plastiki na kwamba hakuwa amelibambua kwenye ncha. Kwenye skrini nyaya zote huungana papo hapo zikigusana, na hakuna anayekuonyesha kisu. Mtoto aliyeishia kwenye skrini angeondoka akidhani anajua kuwasha balbu. Kwa hiyo nitampa ushauri mzazi anayetembelea kituo chochote cha aina hii: uliza boksi la viatu liko wapi. Kama hakuna kitu cha kushika, kukata, kumwaga au kufunga baada ya skrini kuzimwa, nusu ya somo haipo.

Sasa kasoro, na ya kwanza ni nzito. Kituo kimenunua programu ya hesabu kutoka ng'ambo, ambayo pia sitaitaja, ambapo mtoto huulizwa swali, hupewa majibu manne, na akipatia hunyeshewa nyota kwa kelele na vifijo. Binti yangu aliipenda kupita zote. Jumamosi ya sita alirudi nyumbani akijivunia nyota 40, nami nikamuuliza, tukiwa tunakata sukuma wiki, 8 na 5 ni ngapi. Alinitazama kana kwamba nimemnyima kitu, kisha akaanza kuotea: kumi na moja, kumi na nne, kumi na mbili. Wiki iliyofuata niliomba niketi nyuma yake, nikaona jinsi alivyokuwa akifanya. Alikuwa akibonyeza jibu la kwanza, likikataa anabonyeza la pili, kisha la tatu, kwa kasi ya mtu anayefukuza kuku, mpaka nyota itoke. Programu haikumpunguzia chochote kwa kuotea, wala haikumuuliza alifikaje. Kwa kweli alikuwa amejifunza jambo: kwamba kila swali lina mlango wa nyuma.

Nilimwonyesha mwalimu, naye, kwa heshima yake, hakujitetea. Alikitoa kishikwambi, akamwagia mezani vizibo vya soda, akamwomba binti yangu amwonyeshe 8 na 5 kwa vizibo. Binti yangu akachukua viwili kutoka kwenye kundi la vitano akavihamishia kwenye kundi la vinane, likawa la kumi, vikabaki vitatu. Aligundua mwenyewe. Nimejiuliza tangu hapo kwa nini programu iliyogharimu fedha haikuweza kufanya kilichofanywa na vizibo, na jibu ninaloliona ni kwamba vizibo havikuwa na haraka ya kumpa zawadi. Programu inayomsifu mtoto kwa kila mguso humfundisha kuzisaka sifa. Ningependa kituo kiache kuitumia kabisa kwa watoto wa chini ya Gredi ya 3. Wao wamekubali kuipunguza hadi dakika 10 na mwalimu akiwa kando, na nitaangalia kama watatimiza.

Kona ya kusoma ni tulivu na ndiyo inayokaribia zaidi maktaba. Hutumia hadithi za African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, wenye hadithi fupi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitafsiri na kuzitumia. Watoto hawaishii kuzisoma. Mradi huo huwawezesha kuchagua picha na kuandika hadithi yao wenyewe. Kundi la mwanangu liliandika kuhusu fisi aliyepanda gari moshi la abiria kwenda Mombasa bila tiketi. Sentensi ni fupi, tahajia imerekebishwa mara kadhaa, na binti yangu amemsomea nyanya yake kwa simu mara tatu, akibadilisha sauti kila anapofika kwa fisi. Nyanya yake yuko Machakos na alitaka kujua kama fisi alishikwa. Ilibidi waandike sehemu ya pili.

Hapa napenda nigusie jambo la Tanga, kwa sababu watu hulitaja kila mara mjadala huu unapozuka. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika mashindano ya Global Learning XPRIZE, watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 mkoani Tanga, Tanzania, walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, vikachajiwa kwa umeme wa jua. Wengi wao hawakuwa wamewahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Washindi wawili, onebillion ya Uingereza na Kitkit School, waligawana zawadi kuu ya dola milioni 10. Wako wanaosema kwamba matokeo hayo yanathibitisha mwalimu hahitajiki. Mimi nayasoma kwa namna nyingine. Pale ambapo hapakuwa na mwalimu wala kitabu, kifaa kilichozungumza lugha ya mtoto kilifanya kazi kubwa ambayo hakuna haki ya kuidharau; lakini nusu nyingine bado ilihitaji mtu. Na Donholm si kijiji kisicho na mtu. Pale pana walimu wawili, wazazi wanaosubiri kwenye ngazi wakitazama simu zao, na ndugu wakubwa waliotumwa kuwachukua wadogo zao.

Ndiyo maana kasoro ya pili inaniuma. Saa nne na nusu kila Jumamosi, walimu hugawa vipokea sauti vya masikioni, kila mtoto apate chake, na kwa dakika 30 chumba huwa kimya kama ofisi. Nilielezwa kwamba ni kwa sababu ya kelele, na kwamba wazazi wengine huona watoto wakizungumza wakadhani wanacheza. Naomba wazazi hao tuzungumze. Katika dakika hizo 30 hakuna mtoto aliyemwuliza mwenzake chochote, hakuna aliyesema "hebu jaribu 9", na waliokwama walikwama peke yao mpaka mwalimu alipowafikia. Ushirika ule wa wasichana wawili na matatu yao ulitokea kwa sababu kishikwambi kilikuwa kimoja na masikio yalikuwa wazi. Upungufu wa vifaa ulioniudhi siku ya kwanza ndio, nadhani, hazina ya kituo hiki, na ningesikitika wakipata mfadhili wa kuwanunulia vishikwambi vingine sita.

Muda wa skrini wanauheshimu kwa kiasi kizuri. Kipindi ni cha saa mbili, na kati ya hizo skrini huchukua dakika 70 hivi kwa wakubwa na 45 kwa wadogo. Zinazobaki ni za boksi la viatu, vizibo, karatasi na vitafunio. Hawapokei watoto walio chini ya miaka 4. Kwa watoto wa miaka 2 hadi 4, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema skrini isizidi saa moja kwa siku, na kuna mama aliyeelezwa hivyo mlangoni akiwa na mtoto wa miaka 3 na fedha mkononi, akarudi nyumbani. Wangeweza kumpokea.

Ada ni shilingi 500 kwa kipindi, au 1,800 ukilipia Jumamosi nne pamoja, na ndugu wa pili hupunguziwa robo. Si kidogo kwa familia nyingi za Eastlands. Stima ilipotea mara mbili katika kipindi changu, na masomo yakaendelea kwa kuwa vifaa vilikuwa vimechajiwa na programu nyingi tayari zimo ndani, hazihitaji intaneti. Hilo limepangwa kwa busara, na tena linawaepusha watoto na matangazo yanayochomoza katikati ya somo. Ngazi ni nyembamba na hakuna njia kwa mtoto anayetumia kiti cha magurudumu. Hakuna pia anayejua Lugha ya Ishara ya Kenya, lugha ambayo Katiba ya mwaka 2010 imeitaka serikali iiendeleze, na hadithi zenye picha ni nyenzo ambayo mtoto kiziwi angeifurahia kama mwenzake yeyote, endapo angepatikana mtu wa kuzungumza naye juu yake. Niliwaambia, wakaandika kwenye daftari.

Fomu ya kujiunga inahitaji jina la mtoto, umri, simu ya mzazi na, kwenye ukurasa wa pekee, sahihi ya kukubali au kukataa picha za mtoto kuwekwa mtandaoni. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, na nimeona vituo vinavyoificha idhini hiyo kwenye maandishi madogo mwishoni. Hapa niliweka alama kwenye "sikubali", na siku wapiga picha walipokuja, wanangu waliongozwa kwenye kona nyingine pasipo maneno mengi, wakapewa vizibo wacheze.

Ningekipa kituo hiki nyota tatu na nusu kati ya tano, na ningeongeza moja siku watakayoviweka vipokea sauti kabatini. Kipindi cha asubuhi, saa tatu hadi saa tano, ndicho bora, kwa sababu mwalimu yule wa boksi la viatu huwapo. Alasiri hayupo, na tofauti inaonekana. Piga simu Alhamisi kama unataka nafasi. Mpe mtoto maji na chapati, na ukiweza keti nyuma yake kwa robo saa bila kusema neno, umtazame vidole. Mimi nimelipia Jumamosi nne zijazo. Binti yangu anataka matatu yake isimame stendi tatu na makanga ashuke kila moja, na tayari amechora miraba yake nyuma ya daftari la Kiingereza, akaandika 4, 3 na 7, kisha akaikata 7 akaweka 6.